Baiskeli ya Gia Tatu na Mguu wa Mkwe Wangu

Mimi baiskeli za gia nazichukia mpaka leo. Nikimwona kijana anapita na moja ya hizi za sasa, imejaa minyororo na waya kama utumbo wa mbuzi, hujisemea moyoni, haya baba, enda, siku yako yaja. Wala si uzee unaonisemesha. Nalianza kuzichukia nikiwa na nguvu zangu, meno yote kinywani, ile miaka ya mwanzo ya uhuru, na sababu yake ni baiskeli moja na mguu mmoja. Mguu wenyewe ulikuwa wa mama wa mke wangu.

Baiskeli niliipata kwa Mzungu mmoja wa bandarini aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Wengi walikuwa wakiondoka wakati ule, na vyombo vyao vikatapakaa mjini. Utamkuta hamali amevaa kofia ya jua ya bwana mkubwa, na muuza mbatata amepanga mbatata zake juu ya meza ya kusomea. Mimi nalikwenda kumfumulia magodoro yake na kuyashona upya, na badala ya ujira akanionyesha baiskeli iliyoegemea ukutani akasema, chukua hiyo. Nikaona nyota yangu imeng'aa.

Ilikuwa baiskeli pana, nzito, si kama zile nyembamba nyeusi tulizozizoea. Tairi zake nene, usukani umerudi nyuma kama pembe za ng'ombe, kiti kina springi mbili kubwa, ukiketi unajiona liwali. Mnyororo wote umefunikwa kwa bamba, huuoni. Na pale usukanini, upande wa kulia, kuna kijiti cha chuma chenye namba: moja, mbili, tatu. Hizo ndizo gia. Ukikisukuma kile kijiti, waya unavuta mpaka kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, na humo ndani mna vidude vya meno vinapangana upya. Moja nyepesi, mbili ya kiasi, tatu nzito ya kukimbilia.

Sasa mtu aniambie, gia tatu za nini kisiwani Mvita? Mlima uko wapi? Lakini mimi nilikuwa na kiburi nazo. Nalikuwa nikipita barazani Kibokoni nikizibadilisha makusudi, ka, ka, ka, ili watu wasikie.

Kazi yangu, nimeshawaambia, ni magodoro. Duka langu lilikuwa Kuze, chumba kimoja, magodoro ya sufi, ile pamba laini ya mti wa msufi. Watu wa leo hamjui sufi, mnalalia sponji. Sufi inaingia puani, inaingia kwenye chai, mke wangu alikuwa akisema hata ndoto zangu zina sufi. Shule sikuiweza. Chuoni kwenye Kurani nilihitimu, alhamdulillahi, lakini shule ya serikali mwalimu alisema mwandiko wangu ni kuku amepekua, basi mjomba wangu akanitia kwenye magodoro na huko ndiko nilikobaki. Naandika hivi ninavyosema, anayetaka nahau za magazeti asome magazeti.

Nilichotaka kusema kuhusu sufi ni kwamba ni nyepesi. Gunia lake ni kubwa kuliko mlango, lakini uzito wake ni wa kuku wawili. Nalikuwa nikifunga gunia hilo nyuma kwenye keria, natoka nalo mpaka Biashara Street kuchukua vitambaa, narudi, na baiskeli hainiletei neno. Mara chache sana ile gia ya pili ilikuwa ikiponyoka, pedali zinazunguka bure kama mtu amekanyaga hewa, kisha inashika tena. Sikujali. Mzigo wa sufi hauumbui mtu.

Basi mkwe wangu akaja kutoka kwao Takaungu na kidonda mguuni, karibu na vidole. Alijikata na kigae uani kwake, na alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mwenye sukari mnakijua. Alikaa nacho huko akikitia majani mpaka kikanuka. Mke wangu alipokifungua alilia. Tukampeleka hospitali, siku hiyo kwa teksi ya fadhila ya mtu, na dresa wa pale, yule mwosha vidonda, mtu wa bara, mrefu, hana mzaha, akakiosha kisha akanigeukia mimi.

"Huyu mama aletwe siku moja aje, siku moja apumzike. Kabla ya saa nne. Nikishafunga vyombo vyangu sifungui. Mkiwa watu wa kukosa kosa, mimi sitauosha tena mguu huu. Wataukata."

Alisema mbele yake. Mkwe wangu hakutikisika, alivuta buibui lake tu akatazama dirishani. Lakini kule nyumbani mke wangu alinishika mkono akaniambia, "Mume wangu, mama akikatwa mguu hatakaa mwaka. Namjua. Atajilaza tu." Nikajua nina kazi.

Kazi yenyewe ni namna ya kumfikisha. Nyumba yetu Kibokoni ilikuwa ndani ndani, uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Gari haliingii. Kumtembeza mpaka barabarani kila siku ya hospitali ni kumuua. Tukasema abebwe kwa rikwama, akasema, "Mimi si gunia la mchele." Tukasema abebwe kitini na vijana wawili, akasema, "Jeneza mtanibebea nikifa, msiwe na haraka." Mke wangu ndiye aliyesema, "Na baiskeli yako? Si ndiyo ina gia tatu?"

Hapa lazima nieleze jambo, maana vijana wa sasa mnakula sinia moja na wakwe zenu mnacheka. Wakati wetu mtu na mama wa mkewe walioneana haya. Mimi yule mama sikuwahi kumwona akila. Nikiingia ndani nilikuwa nabisha hodi nje ya pazia, "Sabalkheri, mama," naye anajibu "Sabalkheri, baba" kutoka ndani, basi, maneno yetu ya siku yamekwisha. Nikitaka kumwambia neno namwambia mke wangu. Sasa mtu huyo ndiye wa kumpakia nyuma yangu, mgongo kwa bega, mjini, mchana, watu wakitazama.

Nilimshonea mto wa sufi wa kijani, nikaufunga kwenye keria. Akaketi upande, miguu yote kushoto, maana kulia ndiko kwenye mnyororo. Wala hakukubali kunishika. Alishika zile springi za kiti changu, mkono mmoja kwenye kila springi, na alikuwa mama mwenye mwili, Mungu amrehemu. Nilipokanyaga pedali ya kwanza nilihisi nimefungiwa nyumba nzima nyuma.

Na kuzungumza je? Atanielekeza vipi na hasemi nami? Akapata njia yake. Akawa anasema na baiskeli.

"Ewe baiskeli, mwambie bwana wako mbele kuna shimo."

Nami nikajibu, "Baiskeli, mwambie mama nimeliona."

"Ameliona, na amelipita katikati."

Wale wa barazani walikuwa wakinyamaza tukipita, kwa heshima yake. Nikirudi peke yangu ndio nasikia. "Yakhe, leo sufi imenyeshewa mvua?" Mwingine, "Mwacheni, anafunza baiskeli Kiswahili."

Siku hizo za kwanza tulifika. Lakini ule ujinga wa gia ya pili sasa haukuwa wa mara chache. Ukitoka Mji wa Kale, ukipita Ngomeni, barabara inapanda kidogo. Kidogo tu, hata maji hayajui kama yateremke. Mkwe wangu akiwa nyuma, pale palikuwa Kilimanjaro. Siku moja nikainuka kwenye kiti nikanyage kwa uzito wangu wote, gia ikaponyoka. Pedali ikazama bure. Nami nikashuka mzima mzima juu ya kile chuma cha katikati, na mwanamume yeyote anayesoma hapa anajua nilishukia nini. Nyuma nilisikia springi zinalia na sauti inasema, "La ilaha illallah, baiskeli, wataka kuniua?" Hakuanguka. Aliteleza nusu, akatua kwa mguu mzima, kwa bahati. Angetua kwa ule mwingine, basi.

Nikaipeleka kwa fundi. Alikuwa Kuze palepale, uchochoro wa pili kutoka dukani kwangu, mzee mfupi anayetafuna tambuu na hana jibu moja la moja kwa moja. Akafungua kitovu cha gurudumu, akamwaga vilivyomo kwenye gazeti. Wallahi, vilikuwa vidogo vidogo, vijimeno na vispringi, na vingine vimeliwa na kutu ya chumvi.

"Hii si baiskeli," akasema. "Hii saa ya mkono."

"Basi itengeneze."

"Mimi natengeneza saa?"

"Vipuri je?"

"Vipuri viko Ulaya. Mfuate yule Mzungu wako melini ukamuulize." Akatema tambuu. "Sikiliza. Wewe gia wazitakia nini? Kata waya. Ukikata waya gia hazibadiliki tena, baiskeli inakaa gia moja kama za watu wote, maneno yamekwisha."

"Itakaa gia ipi?"

"Gia ni gia, bwana!"

Akavirudisha vidude vyake ndani, nikaenda nyumbani, nikachukua koleo nikakata ule waya kwa furaha, kama mtu anayemchinja mbuzi wa Idi. Nikaung'oa na kile kijiti chenye namba nikakitupa. Asubuhi mkwe akapanda, nikasema Bismillahi, nikakanyaga. Haikwenda. Nikakanyaga tena. Ikaenda kama mtu anayesukuma ukuta. Kumbe zile gia zikikosa waya zinakwenda kwenye ya tatu, ile nzito, ya Mzungu kukimbilia ufukweni na kaptura yake, na zinakaa hukohuko! Nilifika Ngomeni nikiwa nimelowa kama nimetoka kuoga, na ile sehemu ya kupanda nilishuka nikasukuma. Tulifika saa nne imeshapita. Dresa alikuwa amefunga vyombo.

"Kesho kutwa," akasema.

"Tumetoka mbali, bwana."

"Kibokoni ni mbali? Kuna mama hapa amekuja kutoka Kilifi, amefika kabla yangu."

Nikamrudisha mkwe wangu na kitambaa kilekile cha siku ya nyuma mguuni. Njia nzima hakusema na baiskeli. Na mimi natamani aseme.

Nikarudi kwa fundi nikiwa moto. "Umeniambia itakuwa kama za watu wote!"

"Nilikwambia itakaa gia moja. Haikukaa?"

Nisingekuwa na haja naye ningempiga kwa pampu yake mwenyewe. Mwishowe tukakubaliana gurudumu la nyuma litoke lote, na gia zake zote ndani, litiwe jingine la kawaida. Alikuwa nalo moja ukutani, la baiskeli nyeusi iliyokuwa ya muuza mikate, lina meno upande mmoja tu na hakuna cha waya wala saa. Akalitia. Mnyororo ukawa mrefu, akaukata pingili. Lile bamba la kufunika mnyororo halikuenea tena, likawa linagonga, akalifungua akalitundika kwenye msumari. "Sasa una baiskeli," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa kisirani."

Nami niliipanda pale uchochoroni nikaiona nyepesi, nzuri, nikamshukuru. Nilimshukuru! Nikaenda Biashara Street na gunia la sufi nikarudi, swafi kabisa.

Siku ya hospitali tukatoka mapema. Tukapita msikitini, tukapita baraza, mkwe anasema na baiskeli tena: "Leo umeamka vizuri." Mimi nafurahi. Karibu na Ngomeni nikasikia krrr, baiskeli ikanyongeka, na nyuma mkwe wangu akapiga ukelele. Yeye ameketi ametazama kushoto, si ndivyo, kwa hiyo mgongo wake na mkia wa buibui viko kulia, na kulia sasa hakuna bamba. Mnyororo ulikuwa umelikamata buibui na kulila, likakwama kwenye meno. Nikashuka, nikavuta, likachanika kuanzia pindoni mpaka karibu na kiuno. Lilikuwa buibui lake la Idi, la hariri. Watu wamesimama. Mimi nimepiga magoti nyuma ya mkwe wangu barabarani, mikono ina grisi, navuta nguo yake. Kama niliwahi kutamani kufa siku yoyote maishani mwangu, ilikuwa ile.

Baada ya siku hiyo alinuna. Hakusema nami, jambo la kawaida, lakini na baiskeli pia hakusema. Alivaa buibui kuukuu, akaukunja mkia wake akaukalia, akapanda akashuka kimya, kama mtu anayechukuliwa mahakamani.

Na mnyororo ukaanza kutoka. Kila tukifika pale pa kupanda, nikikanyaga kwa nguvu, unalegea, unadondoka. Nashuka, naurudisha, mikono nyeusi, mkwe amesimama kwa mguu mmoja ameshika ukuta. Napanda, tunakwenda kidogo, unadondoka. Nikiwa peke yangu na sufi haudondoki hata kidogo! Ndilo lililokuwa likinitia wazimu. Fundi akiijaribu uchochoroni anaenda anarudi anasema, "Ina nini? Haina kitu. Wewe ndiwe mwenye kitu."

Barazani kila mtu akawa fundi. Mmoja akasema mnyororo mrefu. Mwingine, hapana, mfupi. Mmoja akasema grisi imezidi, nikaipangusa, akaja mwingine akauliza mbona mkavu hivi. Shekhe mmoja wa umri wangu, mcheshi, akasema, "Husomi Bismillahi vizuri, ile mimu waimeza." Fundi akatoa pingili moja, gurudumu likawa haliingii, akairudisha. Akabadilisha nati. Akanyoosha mnyororo. Na kila siku ya hospitali tunachelewa, siku nyingine tunamkuta dresa, siku nyingine mlango umefungwa. Mke wangu akawa ananiangalia usiku, nami najua anachokihesabu. Kidonda kilichokuwa kimeanza kuwa chekundu kikaanza tena kutoa harufu.

Mwishowe dresa aliniita pembeni. "Bwana, nimekwambia. Mkikosa tena, nitamwandikia aende kwa daktari wa upasuaji. Si kwa hasira. Mguu wenyewe hautangoja."

Siku ya hospitali iliyofuata nilitoka na moyo mkononi. Nalikuwa nimekaza kila nati kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Tukafika palepale, mwanzo wa kupanda, nikasema ya Rabbi, nikakanyaga. Mnyororo ukadondoka.

Nikashuka. Mkwe akashuka, akashika ukuta. Nikaipiga ile baiskeli teke, nikaipiga jingine, ikaanguka, nikaitukana. Maneno niliyoyasema siyaandiki, na niliyasema mbele ya mama wa mke wangu. Nikamaliza. Nikaona haya hata kuinua macho.

"Mwanangu," akasema.

Aliniambia mimi, si baiskeli. Nikainua macho.

"Mwanangu, si mnyororo. Ni gurudumu. Kila ukitia nguvu linahama. Upande ule wa mnyororo linakwenda mbele, na upande huu tairi laja kusugua chuma. Mimi nimeketi juu yake, naliona. Tazama."

Nikainama. Kweli, gurudumu limekaa kombo, tairi limebana chuma cha kushoto mpaka rangi imetoka. Limeteleza kwenye mapengo ya fremu linamokazwa, na likiteleza mnyororo unalegea. Sufi ni nyepesi, haihitaji nguvu, gurudumu linakaa. Mkwe ni mzito, nakanyaga, linahama. Nami nikiurudisha mnyororo nalivuta nyuma bila kujua, linakaa sawa, fundi haoni kitu.

"Umeliona tangu lini, mama?"

"Tangu siku ya buibui."

"Na hukusema?"

"Nalikuwa nimenuna. Tena mimi nimfundishe mkwe wangu kazi ya mkono, mbele za watu? Na wewe hukuniuliza."

"Ningekuuliza vipi, mama?"

"Kwa mdomo," akasema.

Sikuwa na spana. Nikamwambia apande, nikaacha pedali, nikashika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine, nikaisukuma baiskeli na yeye juu yake, mbio. Mnyororo unaburura chini. Watu wanapisha. Nilipofika nilikuwa nahema kama mvukuto, na dresa ameshafunga sanduku lake.

"Saa ngapi sasa?" akaniuliza.

Mkwe wangu ndiye aliyejibu. "Saa ya kuosha mguu. Fungua sanduku, mwanangu, matusi yote ya leo nimeshayasikia njiani."

Yule mtu wa bara akacheka. Sikuwahi kuona meno yake. Akafungua sanduku. Akaosha, akatazama muda mrefu, akabonyeza huku na huku. Mguu akasema utapona. Kidole cha mwisho akasema hapana, kidole kile kimeshakufa, lazima kitoke kisiue vingine. Na kikatoka, wiki ileile. Mimi nikauliza kama tungewahi zile siku tulizokosa kingepona. Akasema, "Labda." Neno hilo sikulipenda wakati ule na sijalipenda mpaka leo. Angesema ndiyo, au angesema hapana.

Kwa fundi nilikwenda na baiskeli begani. Nikamwonyesha. Akafikiri, akatafuta kwenye kopo lake, akatoa washa mbili nene, vile visahani vya chuma vya chini ya nati, zilizotoka kwenye lile gurudumu la Mzungu. Zilikuwa na meno, na kila moja ina ulimi wa kuingia kwenye pengo la fremu usiiache ekseli ihame. Yeye alitia washa laini za muuza mikate.

"Hizi ulizitoa kwa nini?"

"Nilidhani ni za ile saa," akasema.

Akazitia. Matundu yake yalikuwa mapana kidogo, lakini meno yakauma chuma. Nikamwambia apande nyuma, fundi mwenyewe, nikamzungusha uchochoroni, na mke wa jirani akatucheka dirishani. Haikuhama. Mnyororo haukudondoka siku ile, wala siku nyingine. Baiskeli ilikuwa imekuwa ya gia moja, imara, nyepesi kwa kiasi, na ile sehemu ya kupanda Ngomeni nikawa naipanda nimeketi. Nikamshonea mkwe kitambaa kizito cha turubai, nikakifunga badala ya bamba, mnyororo usile tena buibui. Tukawa tunafika kabla ya dresa mwenyewe. Nikaanza kuipenda tena, na hilo ndilo kosa la mtu mwenye baiskeli.

Maana haikupita muda. Asubuhi moja dresa akafungua kitambaa, akatazama, hakuchukua maji. Akasema, "Mama, sina kazi nawe tena. Vaa viatu." Palikuwa na ngozi mpya, nyembamba, rangi ya ndizi mbivu, na pengo pale kidole kilipokuwa. Mkwe akaupapasa mguu wake kama wa mtu mwingine. Akavaa ndara zake. Akasimama.

Nikaileta baiskeli mlangoni, nikakung'uta mto wa kijani, nikamshikia.

"Hiyo ya nini?" akasema.

"Kwenda nyumbani, mama."

"Dresa amesema nini?"

"Amesema umepona."

"Basi."

Akatoka, akashika njia, polepole, akichechea kidogo, mkono kwenye ukuta mara mojamoja, kisha bila ukuta. Nami nyuma yake nasukuma baiskeli tupu. Kila tuliyempita aliuliza, mbona humpakii mama, imeharibika tena? Nikasema haijaharibika. Wakasema, basi mbona humpakii? Yeye mbele hageuki. Tulipofika Kibokoni wale wa baraza wakainuka wote kumsalimia, wakampa pole na hongera, na mmoja akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini asisikie, imedondosha mnyororo wapi leo.

"Haikudondosha!" nikamwambia. "Haidondoshi!"

"Pole sana, yakhe," akasema. "Ipeleke kwa fundi."